Nukta Themanini na Tatu

Skola Tweve alimwona yule mzee kwenye kamera ya lango muda mrefu kabla hajabisha. Alikuwa akipanda mlima kwa miguu. Alitembea hatua kama ishirini, akasimama, akashika kiuno, akatembea tena. Ilikuwa saa nne asubuhi na ukungu wa Kitulo ulikuwa bado haujaachia nyasi. Skola alikuwa hajaongea na mtu ana kwa ana kwa siku kumi na tisa. Alikohoa mara mbili kuhakikisha sauti ipo, kisha akaenda kufungua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ndipo hapa penye Daftari?"

"Ndipo. Lakini wananchi hawaji huku. Maombi yanapokelewa Makete mjini, dirishani."

"Dirishani nimekwenda miaka ishirini na mitatu," alisema mzee. "Safari hii nimeona nije kwenye lenyewe."

Hakuwa na namna ya kumrudisha mtu wa umri ule bila kumpumzisha. Alimwingiza ndani, akamweka kwenye kiti nyuma ya mashine, mahali zinapotolea hewa ya moto. Mzee alinyoosha viganja kwenye ile hewa kama mtu anayeota moto. Mashine zilikuwa elfu sita, zimepangwa kwenye makabati marefu, na ziliwekwa huku juu kwa sababu baridi ya Kitulo ni ya bure. Ndani yake mlikuwa na Daftari la Waliopotezana: watu laki nne na zaidi waliobebwa kwa malori kutoka delta ya Rufiji katika Mwaka wa Maji, bahari ilipoingia mashambani na isitoke tena. Waliandikwa na yeyote aliyekuwa na kalamu, wakiwemo askari, walimu, wauguzi na madereva. Watoto wadogo waliandikwa jinsi walivyojitaja wenyewe, wengine wakiwa wanalia.

Mzee aliitwa Shamte Mbonde. Alikuwa anamtafuta binti yake, Mwanahawa, aliyekuwa na miaka kama minne walipotenganishwa kwenye kupakia malori. Skola alifungua maombi yake. Yalikuwa ishirini na matatu, na kila moja lilikuwa na jibu lile lile: HAKUNA.

Kilichomshangaza ni muda. Ombi la kawaida huchukua dakika kadhaa, maana lazima mashine ilinganishe majina, umri, alama na njia za malori. Maombi ya Mzee Shamte yalijibiwa ndani ya sekunde moja, yote. Skola alichimba chini ya jibu akaona sababu. Hakuna hata ombi moja lililofika kwenye kutafuta. Yote yaliishia mlangoni.

"Mzee, wewe si baba yake mzazi?"

"Nilimkuta ana miezi saba. Baba yake alizama kabla hajazaliwa, mimi nikamwoa mama yake, marehemu Somoe. Mtoto alipoanza kusema aliniita baba. Hilo neno lenyewe nilimfundisha mimi."

"Na Somoe alifariki lini?"

"Kambini, wiki ya pili. Kabla hawajaanza kuchukua damu za watu."

Kwa hiyo hapakuwa na damu ya kulinganisha, wala cheti. Skola aliifungua sehemu ya Umbo, lugha inayoiambia mashine kila kitu kimeundwaje: mtu ni nini, mzazi ni nani, nani ana haki ya kuuliza. Mstari wenyewe ulikuwa mfupi.

UMBO mdai: LAZIMA damu AU cheti. VINGINEVYO kataa.

Chini yake palikuwa na jina la aliyeuandika: S. Tweve. Alikuwa na miaka ishirini na sita wakati ule.

Aliukumbuka vizuri. Mwaka wa kwanza wanaume walikuwa wakifika makambini wakisema "huyu nilimlea mimi" na kuondoka na watoto. Skola alikuwepo siku watoto arobaini na mmoja walipotolewa kwenye machimbo ya kokoto, wengine hawawezi kukunja vidole. Wiki ile ile alikaa akaandika ule mstari, na wizi ukakoma. Kila alipojiuliza kama aliwahi kufanya jambo la maana duniani, aliufikiria huo.

"Ombi lako halikuwahi kutafutwa, mzee," alisema. "Sheria yetu haikutambui."

Mzee Shamte alishusha mikono kutoka kwenye hewa ya moto.

"Walikuwa wananiambia hakuna. Kumbe hawakutafuta?"

"Hawakutafuta."

Hakupiga kelele. Alitazama makabati, safu moja baada ya nyingine, kama mtu anayehesabu nyumba za mtaa asioujua. Skola angeweza kuvumilia kelele. Huku kutazama hakuweza kukuvumilia.

*

Palikuwa na njia ya pembeni, ya mafundi kujaribia mashine. Kuitumia kumtafuta mtu halisi ni kosa la kufukuzwa kazi, na kila swali linaloingia humo huandikwa mahali. Skola alijua hayo wakati anavuta kiti. Aliandika kwa Takriban, lugha ya kuulizia mambo yasiyo na hakika:

TAFUTA mtu AMBAYE jina LINASIKIKA KAMA "Mwanahawa", umri NI mdogo, alama NI kovu la kuungua KARIBU NA kiganja cha kushoto, njia NI Utete KUELEKEA juu.

"Umri ni mdogo, ndiyo nini?" aliuliza mzee, ambaye alikuwa amesogea nyuma ya bega lake. "Si useme miaka minne."

"Nikisema minne, aliyeandikwa mitano ananipotea. Nikisema mdogo, wa minne anaingia mzima, wa saba anaingia nusu, wa kumi na mbili haingii. Mashine inampa kila mtu kiasi chake, kati ya sifuri na moja."

"Na mwanangu atapewa ngapi?"

"Hata akiwa ndiye, hapewi moja kamili. Aliyemwandika hakuwa na muda."

Dakika saba zilipita. Walijitokeza watatu. Wawili walikuwa chini ya nusu. Wa kwanza alikuwa na 0.83, ameandikwa "Nawa", mwenye alama mkono wa kushoto. Sasa alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na saba, fundi wa pampu za maji huko Mpanda.

Skola aliifunika skrini kwa mwili wake. "Nitakupigia, mzee. Nipe siku mbili."

Alipiga simu Mpanda kesho yake mchana. Sauti ya mwanamke ilisikika pamoja na mngurumo wa injini, kisha injini ikazimwa. Skola alijitambulisha, akaeleza. Alieleza vibaya, kwa kurudiarudia, kwa kuwa hakuzoea tena kuzungumza na mtu anayepumua upande wa pili.

"Nukta themanini na tatu," alisema Nawa. "Maana yake ni mimi?"

"Maana yake maelezo yake na yako yanakaribiana kwa kiasi hicho. Sisemi ni wewe."

"Na hiyo iliyobaki?"

"Iliyobaki siijui."

Skola alitazama simu kuona kama haijakatika.

"Dada, mimi nimekulia kituo cha watoto," Nawa alisema hatimaye. "Wenzangu walikuwa wanaitwa ofisini, mama kapatikana, shangazi kapatikana. Mimi hakuna mtu aliyewahi kuniulizia, hata kwa kukosea. Nipe namba yake."

Ili kumpa ile namba bila maswali kutoka juu, Skola alilazimika kufunga jalada. Kwenye mstari wa Nawa aliandika AMEPATIKANA. Lilikuwa neno moja tu, na kulibonyeza kulichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

*

Mzee na Nawa walizungumza kila Ijumaa, mzee akitoka msikitini. Skola alijua kwa sababu Mzee Shamte alimpigia baadaye kumsimulia. Nawa amepandishwa cheo. Nawa hapendi bamia. Nawa kauliza mama yake alikuwa mrefu au mfupi, na mzee kasimama ukutani akapima kwa mkono, halafu akacheka kwa kukumbuka kuwa simu haioni. Skola alianza kuisubiri Ijumaa. Asubuhi yake alifagia chumba cha mitambo ambacho hakikuwa na vumbi, akachemsha viazi mapema, akakaa karibu na simu. Huku Kitulo alikuwa amekuja kwa kuomba mwenyewe, miaka tisa iliyopita, mama yake alipofariki na nyumba ya Njombe ikabaki na yeye na redio. Alifikiri mahali pasipo watu pangeeleweka zaidi kuliko nyumba isiyo na watu. Lilikuwa kosa, lakini alikuwa ameshalizoea.

Mwezi wa tano yaliletwa madaftari mapya. Yalikuwa ya mkono, ya wauguzi wa kujitolea waliokaa kambi ya njia panda ya Kidodi, yaliyokutwa kwenye sanduku darini. Mashine iliyasoma kwa siku mbili, na kama kawaida ikarudia maswali yote ya zamani, hata yale ya njia ya pembeni. Siku ya tatu Skola alikuta ujumbe.

Mtoto wa kike, miaka kama minne. Wenzake wanamwita Mwanahawa. Kovu la kuungua kiganja cha kushoto. Anaharisha. Amefariki siku ya tatu kambini. Kaburi namba 114.

0.96.

Nawa alikuwa ameshuka hadi 0.47, maana katika Takriban mtu anayetafutwa ni mmoja, na mmoja akipanda wengine hushuka.

Skola alivaa koti, akatoka nje, akazunguka kituo mara tatu. Kisha alirudi ndani na hakumwambia mtu. Ijumaa ile mzee alipopiga kumsimulia habari za Nawa na pampu mpya, Skola alisema "vizuri, mzee, vizuri sana," akakata mapema kuliko kawaida.

Alinyamaza wiki tatu, na alikuwa na hoja. Mtoto wa Kidodi amekufa na hamsubiri mtu. Walio hai wawili wamepatana, na furaha yao haimwibii mtu yeyote. Angeweza kubaki na siri hiyo mwenyewe, kama alivyobaki na mambo mengine.

Kilichomtoa kwenye ukimya ni lile neno alilobonyeza. Alilikuta bila kulitafuta, akipitia orodha ya majalada yaliyokwisha kufungwa. Mtu akishaandikwa AMEPATIKANA, mashine haimpendekezi tena kwa mdai mwingine. Ndivyo Umbo lilivyo. Kwa miezi mitano, kama kulikuwa na mama mahali fulani anayeuliza dirishani juu ya mtoto mwenye alama mkono wa kushoto, mashine ilikuwa inampita Nawa bila kusimama na kumjibu yule mama: HAKUNA.

*

Alishuka Makete na gari la mahitaji. Mzee Shamte aliishi nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko, na alimkuta uani amekaa kwenye kigoda, anachambua maharage kwenye ungo. Alifurahi kumwona, akaingia ndani kumletea kiti, akakipangusa kwa kiganja.

Skola hakukaa. Alimwambia yote akiwa amesimama: madaftari, Kidodi, kovu, siku ya tatu, namba 114. Mzee alisikiliza huku mkono wake ukiendelea kutafuta mawe kwenye maharage, kisha ukatulia.

"Siku tatu," alisema. "Alikuwa na nani?"

"Wauguzi. Na watoto wenzake. Walijua jina lake."

"Walijua jina lake," alirudia mzee. Aliuweka ungo chini. Alilia kidogo, bila kujifunika, kisha akajifuta kwa kofia yake. Skola aligeukia ukuta.

"Mimi nilijua si huyu," mzee alisema baadaye.

"Ulijua?"

"Ijumaa ya tatu. Nilimuuliza ile alama mkononi inamsumbua wakati wa baridi? Akasema hapana baba, lile ni jino la mbwa, niliumwa kituoni nikiwa darasa la pili. Mwanahawa aliungua kwa chungu cha uji. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekigeuzia kisogo."

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Wewe? Ungemwondoa." Alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aanze kulia. "Ijumaa iliyofuata alipiga yeye, kabla yangu. Akasema, baba, nimeona nikuwahi. Mwanangu, ningesema nini hapo?"

Skola alikaa. Alikuwa amekuja akidhani amebeba siri peke yake, kumbe walikuwa wawili, na aliyefichwa ni yule yule mmoja, Nawa.

"Mzee, nilimwandika amepatikana. Kwa hiyo hatafutwi. Akiwa ana mama, huyo mama anajibiwa kama ulivyokuwa unajibiwa wewe."

Sokoni mtu alikuwa akigonga bati.

"Dirishani," alisema mzee.

"Dirishani."

"Basi tumpigie simu. Lakini nitasema mimi."

Alisema yeye. Hakumtaja Skola kwa ubaya, wala hakujitetea. Alimwambia Nawa kwamba binti yake alifariki Kidodi, kwamba yeye Nawa si binti yule, na kwamba alijua hilo tangu Ijumaa ya tatu, akanyamaza kwa sababu ya upweke. "Nisamehe, mama," alisema. Kisha simu ilikatwa.

Ijumaa iliyofuata Nawa hakupiga. Wala iliyofuata.

*

Skola aliandika ripoti mwenyewe. Kumrudisha Nawa kwenye orodha ya wanaotafutwa kulihitaji kueleza aliondokaje, na kueleza hilo kulihitaji kueleza mengine yote. Aliandika tarehe, swali lilivyoulizwa, neno alilobonyeza. Mwishoni aliambatanisha mstari mpya wa Umbo: mlezi akubaliwe kuuliza, lakini jibu lisimfikie kabla ya anayetafutwa kuulizwa na kuambiwa kiasi, na kukubali. Alikaa na mstari ule siku nne akijaribu kuuvunja kwa akili ya mwizi wa watoto. Kwa mtoto, anayekubali ni nani? Hakupata jibu lililomridhisha. Aliandika kwamba usitumike kwa walio chini ya miaka kumi na minane, akajua kuna watoto hautawasaidia, akautuma hivyo hivyo.

Walikuja maofisa wawili, vijana wenye adabu. Mstari waliuchukua ukajaribiwe. Funguo wakazichukua pia. Mmoja alimsaidia kubeba begi hadi kwenye gari na kumuuliza kama hakuna kingine, akasema hakuna.

Basi la Njombe lilikuwa linaondoka saa nane, naye alifika Makete saa sita. Alikwenda nyuma ya soko kumuaga mzee.

Uani walikuwepo wawili. Mwanamke mwembamba mwenye ovaroli la bluu alikuwa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, ungo mapajani. Skola hakuhitaji kuambiwa.

"Wewe ndiye Skola," alisema Nawa. Hakuinuka.

"Ndiyo."

"Nimesafiri siku mbili kuja kumtukana huyu mzee. Nimefika nimemkuta na homa, hajala. Nimepika kwanza." Alichagua jiwe kwenye maharage akalitupa. "Kumtukana nimesahau. Wewe sijakusahau."

"Una haki."

"Miaka yote sikuwa na mtu. Ukanipa, halafu ukaninyang'anya. Siwezi kukuambia ulifanya vizuri."

"Sikufanya vizuri," alisema Skola.

Mzee Shamte alikuwa ukutani kwenye jua, amejifunika shuka. "Kaa, mwanangu," alisema, na haikuwa wazi anamwambia nani. Skola alikaa pembeni ya mkeka. Baada ya muda Nawa aliusukuma ungo katikati.

Walichambua bila maneno mengi. Nawa aliuliza kama ameshaanza kutafutwa, na Skola akasema ameanza juzi. Kuna wadai watatu, aliye juu ana 0.31, ni mama mmoja wa Songea.

"Ni kidogo."

"Ni kidogo sana. Usimpigie bado. Yakija madaftari mengine watakujulisha."

"Watanijulisha nani, na wewe umeshafukuzwa?"

"Atakuwepo mwingine."

Saa nane kasoro robo Skola aliinuka, akampa mzee mkono, na mzee akaushika kwa mikono yake yote miwili. Nawa alimsindikiza hadi kwenye kona ya soko. Hakumbebea begi. Walipofika konani alisimama, akaingiza mikono kwenye mifuko ya ovaroli.

"Njombe una nani?"

"Nyumba ipo."

Nawa alitikisa kichwa kana kwamba hilo nalo ni namba ndogo. Basi lilipiga honi. Skola alikuwa ameshatembea hatua kadhaa aliposikia sauti nyuma yake, kavu, bado ina hasira.

"Ukifika, tupigie."

Njia ilikuwa ya matope na safari ilichukua saa tano. Skola alikaa dirishani na begi mapajani, hakulala. Stendi ya Njombe watu walipokelewa, wakabebewa mizigo, wakaondoka, mpaka akabaki yeye na wauza mahindi. Alitoa simu. Ilipokelewa kabla ya mlio wa pili.

"Nimefika," alisema.